Noti za Uongo za Wakati wa Vita, na Kwa Nini Siziuzi

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Nilikuwa nimesimama katika soko la komini ya Tshopo, hapa hapa Kisangani, mbele ya jiko la makala, yaani makaa, la mama mmoja aliyekaanga mikate, na mkononi nilikuwa na bunda la noti za faranga kumi. Zilikuwa mpya, hazijawahi kukunjwa. Nikachomoa moja nikaitupa motoni, ikajikunja, ikaungua. Nikachomoa nyingine. Ile ilipogusa makala tu, mkono mmoja mgumu ukanidaka.

Mkono ulikuwa wa Maman Veronika. Huyo alikuwa mjane, Mkatoliki wa upande wa Butembo, na meza yake ya sabuni na chumvi ilikuwa jirani na yangu. Sokoni walimheshimu wote. Hakuwa tajiri, wala hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini akikusema, umesemwa kweli. Aliingiza vidole kwenye makala, akaitoa ile noti ikiwa imeungua pembe moja, akaizima kwa kuibana ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Kisha akaniuliza polepole:

"Aziza, uko nafanya nini?"

Nikamjibu kwamba nachoma uchafu. Nikamwambia ni makuta ya uongo, pesa bandia, na kwamba sitaki kulala nayo nyumba moja.

Ngoja kwanza nikueleze nilivyofika pale, maana mtu akimkuta mwanamke anachoma pesa sokoni atadhani amerukwa na akili.

Mimi ni mtoto wa Maniema. Wazazi wangu Waislamu wa Kindu, na ndoa ndiyo iliyonileta huku. Mume wangu alibeba abiria kwa baiskeli, mimi niliuza mchele kwa kopo na mafuta ya mawese kwa chupa. Mtaji wangu ulikuwa gunia moja. Likiisha, naenda kwa papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kule katikati ya mji, nanunua lingine. Hatukuwa na makuu. Tulikula, tukalala, tukaamka.

Vita ilipoingia, barabara zikafungwa, meli za kutoka Kinshasa zikaacha kufika, na mji ukashikwa na watu wenye bunduki. Sitawataja majina. Walipita wengi, wa huku na wa kutoka nje, na huenda mtafundishwa habari zao shuleni, au hamtafundishwa, sijui. Ninachojua ni kwamba pesa ndogo zilikuwa zimechakaa hata husomi kilichoandikwa, na ghafla zikatokea noti mpya za faranga kumi, nyingi, na kila mara zilitoka mfukoni mwa mwanajeshi. Mwanzoni tulifurahi. Ni raha kupokea noti safi ukiwa umezoea kupokea vipande vilivyounganishwa na gundi ya uji.

Siku moja gari la kijeshi likasimama mbele ya meza yangu. Mkubwa wao akaonyesha gunia langu, akaonyesha na bidoni, dumu langu la mawese, vijana wake wakapakia. Bei hakuuliza. Alinitupia bunda la noti mpya mezani, wakaondoka. Mimi nilikuwa na mimba kubwa ya mwanangu Saidi, ningefanya nini? Nilishukuru hata kwamba amelipa.

Nikalipeleka bunda kwa papa Kambale. Alizitandaza noti juu ya kaunta, akaniambia nizisome namba zake. Nikasoma ya kwanza. Nikasoma iliyofuata. Nikarudia, nikidhani macho yamenichezea. Noti zote, mwanangu, kuanzia ya juu mpaka ya chini, zilikuwa na namba moja. Mtu alikuwa amekaa mahali na mashine akatoa ile ile, ile ile, kama mtu anayepiga muhuri. Papa Kambale alinirudishia kwa upole. Akasema hata yeye anazo sandukuni, alizopewa kwa nguvu kama mimi, na huko anakonunua bidhaa hakuna anayezigusa. Nikatoka dukani kwake sina gunia, sina pesa, na mtoto ananipiga mateke tumboni.

Ndipo nikaenda kusimama mbele ya ule moto.

"Bale batu baliiba muchele yako," Maman Veronika akaniambia. "Sasa weye uko nawafagilia nyayo zao. Ukimaliza kuchoma, siku utasema uliibiwa, utaonyesha nini?"

Nilikuwa na hasira, nikamjibu vibaya. Nikasema kama kuchoma ni kosa, basi nizipitishe kwa mwingine, kwani si ndivyo wote wanavyofanya? Ndivyo walivyokuwa wakifanya kweli. Aliyepewa noti ya uongo asubuhi alihakikisha ameiondoa kabla ya jua kukolea. Na unajua iliishia wapi? Iliishia kwa yule asiyejua kusoma, mama wa kijijini aliyetembea na mzigo wa sombe, majani ya muhogo, mgongoni, ambaye hawezi kumlazimisha mtu yeyote aipokee tena.

 Maman Veronika alinionyesha kwa kidevu mwanamke mmoja mzee aliyekuwa ndiyo kwanza ameshusha kikapu, mkanda wa kikapu umemwachia alama nyekundu kwenye paji la uso.

"Utamupa ile mama? Nenda, umupe. Mimi niko natazama."

Nilimtazama yule mzee, anajipangusa jasho, anapanga mafungu yake ya majani. Miguu ilikataa kwenda.

Hapo ndipo Maman Veronika alinivuta, tukaketi nyuma ya meza yake, na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu sokoni. Zamani, wakati wa utawala ule wa kale, serikali ilitangaza kwamba noti fulani zimekufa. Wenye jamaa wakubwa walibadilisha zao. Mume wake alikuwa na akiba ya miaka ya kazi ndani ya sanduku la bati, na foleni ya benki ikafungwa kabla hajafika mlangoni. Alirudi nyumbani akazimwaga zote uani, akazichoma. Kilichomuuma Maman Veronika zaidi ya hasara yenyewe kilikuja baadaye. Alisema miaka ilivyopita, hata wao wenyewe walianza kusimulia habari ile kama ndoto. Watoto walipouliza kwa nini hawakusoma, hapakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Mume wake alikufa akionekana kama mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi.

Basi akatoa kalamu kwenye mkoba wake, akaniambia niandike nyuma ya kila noti kile kilichochukuliwa kwa noti hiyo, na jina la mwenyewe. Nikaandika: mchele, Aziza. Mchele, Aziza. Mawese, Aziza. Niliandika mpaka vidole vikaniuma. Nilipomaliza, mwanangu, sikuwa na pesa zaidi ya nilizokuwa nazo, lakini ile hasira ilikuwa imenitoka. Nilikuwa nimekataa kitu. Sikujua bado ni kitu gani.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunazikusanya. Kazi hiyo niliachiwa mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilifika darasa la sita, usidharau. Mwanamke akilipwa kwa noti za uongo haziondoi, haziteketezi, anazileta kwangu. Ananiambia walichukua nini, naandika, naziweka katika kikapu changu chenye kifuniko. Kuku wa mama fulani. Samaki wa kukaushwa wa watu waliotoka Basoko kwa mtumbwi. Kitambaa cha harusi. Noti moja niliiandika "viatu vya mtoto", na mama aliyeileta alilia kama vile viatu vilikuwa na mtoto ndani.

Haikuwa rahisi, na sitaki nikudanganye kwamba wanawake wote waliimba wimbo mmoja. Wengine walituona wajinga. Mama Lifoli, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, alikuja na noti zake akazishikilia, hataki kuziachia, kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa na alitaka kuzijaribu kwenye duka la dawa. Nilimuelewa. Maman Veronika naye alimuelewa. Hakumhubiria. Alizunguka meza baada ya meza na sahani ya enameli, kila mtu akaweka kidogo cha halali alichokuwa nacho, dawa ikanunuliwa. Ndipo Mama Lifoli akaniletea noti zake mwenyewe, nikaandika: kwanga. Nakuambia hili ili ujue kwamba huwezi kumwambia mtu mwenye shida asimdhuru mwingine, kisha ukamwacha na shida yake mikononi.

Nyumbani mume wangu aliogopa. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na hofu yake haikuwa aibu. Alikuwa ameona watu wakitupwa mtoni. Alinisihi nizimwage zile karatasi kwenye mto Tshopo, kule chini ya bwawa, maji yazipeleke. Nilimwambia kwamba mchele wetu haukutiririka na maji, ulipakiwa kwenye gari mchana watu wanaona.  Kesho yake nilimkuta anafunga kile kikapu kwa mpira wa baiskeli, kifuniko kisifunguke.

Habari za kikapu zikamfikia yule mkubwa aliyepakia gunia langu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi. Sisi tulimwita Komanda tu. Alituma mtu akapita sokoni na kipaza sauti kutangaza kwamba anayekataa noti ya faranga kumi ni adui. Wanawake wakasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake soko lilijaa kama kawaida, kila mtu nyuma ya meza yake, na meza zote zilikuwa tupu. Wanajeshi walipita wakiuliza mchele, wakaambiwa umekwisha. Wakauliza samaki, wakaambiwa samaki hawajaja. Tulijibu kwa heshima sana. Tulikuwa tumeketi tu, tumevaa vikwembe vizuri, tunatazamana. Mpaka leo nikikumbuka zile meza tupu natabasamu peke yangu, na wajukuu wanadhani naanza kuzeeka vibaya.

Njaa iliuma kambini kabla ya kutuuma sisi, maana sisi tulikuwa tunauziana uani. Komanda akaniita. Aliagiza nije na kikapu.

Nilitaka kuzificha noti na kwenda mikono mitupu. Maman Veronika akakataa.

"Mutu anaficha kitu aliiba," akasema. "Sisi tuliiba nini? Tutaenda nazo, na tutapita njia kubwa."

Tukaenda njia kubwa. Mimi nimetanguliza tumbo, yeye amebeba kikapu kichwani, na watu wanatoka milangoni kututazama. Pale kambini, nyumba ya zamani ya kampuni karibu na mto, yeye alizuiwa getini. Nikachukua kikapu, nikaingia peke yangu.

Komanda alikuwa na sauti tamu. Aliniita mama, akaniambia niketi. Akasema amesikia ninakusanya karatasi mbaya na kwamba hilo ni jambo jema, kwani hata yeye anapambana na wahalifu wanaozichapa. Donc, yaani basi, akasema, tusaidiane: kesho nitazipeleka sokoni, nitazimwagia petroli na kuziwasha kwa mkono wangu mwenyewe, wanawake wote waone kwamba mambo yamekwisha, kisha soko lifunguliwe. Aliniahidi ulinzi.

Nilimsikiliza, na kadiri alivyosema ndivyo nilivyozidi kumwona mume wa Maman Veronika uani kwake na sanduku la bati. Nikamwambia:

"Komanda, unirudishie muchele wangu, na mimi nitakurudishia karatasi zako."

 Akauliza kama nimesema karatasi zake. Nikasema ndiyo, kwa maana kila mmoja sokoni anajua zilitoka mfuko gani. Sikuona mkono ukija. Kofi lile lilinipata sikio la kushoto, na mpaka leo sikio hilo linasikia kama liko chini ya maji. Ndiyo maana unaniona nakugeuzia kichwa unapoongea. Nilianguka kwa ubavu, nikalikumbatia tumbo. Hakunipiga tena. Alisema nifungiwe stoo na kikapu changu mpaka nitakapokubali kuwasha huo moto, maana moto aliotaka ni ule utakaotoka mkononi mwangu.

Kule stoo kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashine. Nililia, ndiyo. Sikulia kwa ushujaa, nililia kwa maumivu na kwa kumwogopea mtoto. Kupitia tundu la mlango nilimwona Maman Veronika ameketi chini nje ya geti, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyepumzika kwake. Walimfukuza, akasogea kidogo, akaketi tena.

Mlangoni waliweka mlinzi, kijana wa Bafwasende, nilimjua kwa namna anavyotamka.  Halafu akainama karibu na tundu akaniuliza:

"Mama, zile noti za uongo, namba yao ni gani?"

Nilichomoa moja nikaipitisha chini ya mlango.  Nikamsikia anafungua kiatu. Wanajeshi wengi walificha mshahara wao ndani ya buti. Nikasikia karatasi zinachakarika, moja, nyingine, nyingine.  Aliporudi kwenye tundu sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto.

"Nilimutumia mama yangu hizi. Alienda kununua bati."

Hakuniomba ushauri, nami sikumpa. Alirudisha noti yangu chini ya mlango, kwa adabu, akaondoka na bunduki yake akaacha mlango bila mlinzi. Ningeweza kuusukuma. Niliona afadhali nikae, kwa sababu nilitaka anifungulie aliyenifungia.

Jua lilikuwa bado liko juu nilipoanza kusikia sauti uwanjani. Si kelele, ni watu wanaosomeana namba. Walikuwa wametoa mishahara yao, wamekaa kwenye nyasi, mmoja anasoma, mwingine anaitikia, na namba ni ile ile. Wale waliomdhulumu mama mjamzito sokoni waligundua kwamba wao walikuwa wamedhulumiwa kabla yake. Hawakufyatua risasi. Walisimama tu mbele ya nyumba ya Komanda, wengi, wanasubiri atoke.

Alikuja kunifungulia yeye mwenyewe. Ile sauti tamu ilikuwa imekwisha. Akaniambia nichukue takataka zangu niende. Nyuma yake vijana wake wote walikuwa wanatazama, na alijua, na mimi nilijua, kwamba siku ile hakuweza kuchoma hata karatasi moja mbele ya macho yale. Nilishika kikapu changu. Nilipofika usawa wake nikasimama.

"Na muchele wangu?" nikamuuliza.

Aligeuza uso. Mwanangu, nimeona mambo mengi mazuri maishani, nimeona mtoto wangu akizaliwa salama baada ya hayo yote, lakini mtu yule mwenye bastola kiunoni kugeuza uso mbele ya muuza mchele ni moja ya yale ninayoyatunza.

Sasa usidhani kwamba tulishinda vita. Mchele sikuupata. Hakuna aliyelipwa. Noti zile za faranga kumi zilikataliwa hadharani sokoni tangu siku hiyo, na hakuna aliyekuja tena na kipaza sauti, hilo tulilipata. Komanda akahamishwa, wakaja wengine na mbinu zao nyingine. Maman Veronika alifariki kwa presha baada ya vita kuisha, na kabla hajafariki alikuwa bado anauza sabuni. Baadaye, watu fulani walikuja mjini kusikiliza waliodhulumiwa wakati wa vita. Nilikwenda na kikapu. Mwandishi wao, kijana mpole, aliniambia kwamba wao wanaandika vifo, vijiji vilivyochomwa, wanawake walioharibiwa. Kwamba mambo ya noti ndogo ni madogo. Nilimwelewa pia. Sisemi noti ya faranga kumi ni sawa na maiti. Nilizika ndugu zangu katika mji huu, naijua tofauti. Lakini yeye alirudi kwao na sisi tulibaki, na aliyebaki hali vifo, anakula mchele, na mchele huo uliibwa. Kama yeye hana pahali pa kuuandika, mimi ninapo.

Juzi juzi akaja mwingine. Huyu alitoka Kinshasa, amevaa vizuri, ana adabu, ana kioo cha kukuzia maandishi. Kazi yake ni kununua pesa za kale kwa ajili ya watu wa ng'ambo wanaozikusanya. Aliletwa na mjukuu wangu Riziki, anayesoma chuo kikuu, ambaye aliona tangazo lake akakumbuka kikapu cha koko wake, ndivyo wanavyotuita bibi zao. Yule bwana alinieleza kwamba noti za uongo za wakati wa vita, hasa hizi ndogo, ni adimu sana, kwa sababu hakuna anayehangaika kuzitunza. Nikafungua kikapu. Macho yake yakawaka. Akachukua moja, akaisifu, akaigeuza nyuma, na uso ukamwanguka.

"Maman, kwa nini uliziandika? Umeziharibu."

Alisema zilizoandikwa zina bei ndogo, ila isitufadhaishe, kuna dawa ya kufutia wino. Kisha akachambua kikapu kwa vidole vyepesi mpaka akapata chache zisizo na maandishi. Kwa hizo akataja dola ambazo zingeweka bati jipya juu ya nyumba hii, na nyumba hii inavuja, umeiona. Riziki akanishika goti. Akaniambia taratibu kwamba vita iliisha zamani, koko, na mvua inakuja.

Nilimwomba anisomee kwanza. Nilimpa noti moja moja, asome mgongo wake kwa sauti, mbele ya mgeni. Akasoma: kuku. Akasoma: samaki, watu wa Basoko. Akasoma: sabuni, Maman Veronika. Alipofika kwenye "viatu vya mtoto" akaisoma mara mbili, akaendelea. Mgeni aliacha kutazama kwa kioo. Riziki alipomaliza akaniuliza kuhusu zile tupu, kwa nini sikuziandika. Nikamwambia ukweli: ni za watu waliouawa au kutoroka kabla hawajaniambia kilichochukuliwa. Ziliokotwa kwenye meza zao. Hizo ndizo bwana huyu anazitaka, kwa sababu hazina doa. Na hizo ndizo sitampa mtu hata akitaja dola za kununua mtaa mzima.

Riziki ndiye aliyezirudisha kikapuni. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi, akapanda juu ya kiti na kuanza kuziba mapengo ya bati kwa plastiki.

Basi hili ndilo ninalotaka kukuachia, wewe uliye kijana, na nalisema wazi ili usiseme sikukuambia. Utaibiwa. Sikutishi, ndivyo dunia tuliyowaachia ilivyo. Labda si kwa noti, labda kwa kura, kwa shamba, kwa mshahara usiofika, kwa cheti ulichokihangaikia. Siku hiyo mkono utakuwasha umpe uchungu huo mtu mdogo kuliko wewe, apokee na aondoke nao. Usimpe. Uishie kwako. Na ukiishia kwako usiufukie, wala usikubali mwenye sauti tamu akuombe uuwashe moto kwa mkono wako ili yeye apumzike. Andika kilichochukuliwa, andika na jina lako, na kila utakapokutana na aliyekichukua muulize kiko wapi, hata kama unajua hatakupa. Wengine watakuambia ni jambo dogo. Waache waseme, wewe uliza. Na usikae peke yako. Tafuta wa kuketi naye nje ya geti, na wewe uwe tayari kuketi nje ya geti la mwenzako.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu wa mama yangu aliyesali Kindu, na Mungu wa Maman Veronika aliyesali kanisani, ambaye mimi naamini ni mmoja, akupe chakula ulichokitolea jasho na akupe ujasiri wa kukidai kikichukuliwa. Akuepushe na mkono wa mwenye nguvu, na asikuache uwe mkono huo. Wazao wako wakiuliza ulikuwa nani, wapate jibu kinywani mwako mwenyewe, bila aibu. Amina.